Maji Moto kwa Mnazi wa Jedida

Ilitangazwa rasmi, mwaka wa themanini na sita, mbele ya wananchi waliopata viti na wananchi waliokosa, kwamba mdudu hana rafiki. Tangazo lilisomwa na ofisa wa tarafa akiwa amesimama chini ya mnazi ulio mbele ya ofisi ya naibu chifu, Kisumu Ndogo, Malindi. Kila nyumba iwe na bustani. Kila bustani isiwe na mdudu, awe wa kuruka, wa kutambaa au wa kukaa tu. Kila mti uzae. Na mti utakaokutwa hauzai siku ya ukaguzi, mwisho wa mwaka, utakatwa mbele ya mwenyewe na mahali pake pataoteshwa mboga.

Ofisa alikuwa na kurasa nyingine mkononi, lakini alipofika hapo alijipiga kofi la shingo, kisha jingine la sikio, akaikatiza hotuba na kuteremka jukwaani kwa haraka. Wananchi walidhani ni msisitizo, nao wakapiga makofi. Naibu chifu, Bwana Mwambire, alipanda ngazi na bango lililoandikwa kwa rangi nyekundu MDUDU HANA RAFIKI, akaligongomea misumari kwenye mnazi uleule, juu kidogo, lisifikiwe na watoto. Aliposhuka, naye alionekana akisisitiza.

Kati ya waliokosa viti alikuwa Jedida, dobi wa hoteli moja ya ufuoni, mwanamke mfupi mwenye mwendo wa mtu anayekimbilia habari njema. Jedida alikuwa na desturi ya kufurahi kwanza na kuuliza sababu baadaye. Lakini aliposikia habari ya mti usiozaa alimshika mkono mama aliyekuwa kando yake, ambaye hawakujuana, akamwambia kwamba yeye ana mti mmoja tu duniani.

Mti wenyewe ulikuwa mnazi wa kitamli, aina ile fupi ambayo ikizaa, mtu hulikata dafu akiwa amesimama chini. Aliupanda kwa mkono wake mwaka ule yeye na mumewe Laban, seremala, walipoacha kupanga na kujijengea nyumba yao ya udongo na makuti. Wote wawili walitoka Vihiga. Na kwa watu wa bara waliohamia Malindi swali lilikuwa ni moja, nalo liliulizwa kwa upole wa kutosha: kwenu mnarudi lini? Liliulizwa na mwenye duka, likaulizwa na wenzao wa kazini, likaulizwa hata na mchungaji wa kanisa lao, ambaye naye alitoka bara na hakuwa na tarehe ya kurudi. Jedida alikuwa amechunguza jambo hili kwa makini, akagundua kwamba wenye minazi hawaulizwi. Ndipo akapanda.

Sehemu nyingine ya bustani yake haikuwa na neno. Sukuma wiki zilistawi juu ya mchanga ule kwa mbolea ya mbuzi na ubishi wa mwenye bustani. Vidukari walipojikusanya chini ya majani, aliwanyunyizia jivu lililochekechwa. Viwavi aliwaokota kwa mkono, akiwauliza kama hawana kwao. Konokono aliwatupa ng'ambo ya ua, na kwa kuwa ng'ambo ya ua kulikaa jirani, konokono walirudi.

Mnazi ndio uliokuwa ukimvunja moyo, na ulimvunja kwa mtindo wa kikatili, kwani kwanza ulimpa tamaa. Karara la kwanza, ile ala ngumu inayofunika maua, lilipopasuka, Jedida alikwenda kazini amevaa kanga nje ndani, na siku hiyo shuka za hoteli zilitiwa buluu mara mbili. Maua yakawa vidaka, vinazi vichanga vya ukubwa wa ndimu, vinang'aa kama vimepakwa mafuta. Alimwita Laban avitazame asubuhi, akamwita tena jioni, Laban akasema amekwisha kuviona. Kisha vikaanguka. Havikuanguka kwa upepo. Vilidondoka kimoja kimoja mchana mtulivu, kila kimoja kikiwa na doa jeusi na tone la utomvu lililokauka chini yake, kama kilicholia kabla ya kuondoka. Karara la pili likafanya vilevile. La tatu pia. Jedida aliokota vidaka vyote akavitia kwenye beseni karibu na mlango, asijue ni kwa nini, ila hakuweza kuvitupa.

Aliujaribu mnazi kwa jivu. Akaujaribu kwa chumvi. Akaumwagia maji aliyooshea samaki, paka wa mtaa mzima wakaja, vidaka vikaendelea kuanguka juu ya paka. Sasa serikali nayo ilikuwa imeingia katika shauri hilo, na shoka lilikuwa limepangiwa mwezi wake.

Jirani wa ng'ambo ya ua, yule wa konokono, alikuwa Kadii, Mgiriama wa upande wa Magarini, mama mtu mzima aliyelelewa katikati ya minazi na ambaye hakuacha mtu yeyote asahau hilo. Alikuwa mkarimu wa hukumu na mchoyo wa maelezo. Miaka yote hiyo alikuwa akiutazama mnazi wa Jedida kama mtu anavyomtazama mtoto wa mwenzake anayeimba vibaya kanisani.

"Mnazi hausikii Kiluhya," alimwambia siku moja.

"Hausikii Kigiriama pia, mama," Jedida akamjibu. "Ungekuwa unasikia, ungeshahama."

Hivyo ndivyo walivyopendana. Lakini baada ya tangazo, Jedida alikwenda kwenye ua na beseni lake, akatoa shikamoo ambayo haikuwa na mzaha ndani yake. Kadii akaitikia marahaba, akachukua kidaka kimoja, akakigeuza, akalitazama lile doa, akautazama mnazi, akakirudisha kidaka mahali pake.

"Huo hauna majimoto," akasema. "Watie majimoto. Vidaka vitashika."

Kisha akaenda kugeuza muhogo wake motoni, kwa sababu kwa maoni yake alikuwa amekwisha kueleza.

Hapa yafaa lisemwe jambo moja kuhusu Kiswahili. Jedida alikijua vizuri kile cha bara, kinachofika kila mahali bila kupitia kwenye ngeli. Yeye alisema kitabu yangu na watu zile na maisha yakaendelea. Kwa hiyo Kadii aliposema "watie" wakati yeye angesema "utie", Jedida alisikia kosa, akamsamehe. Alijiambia kwamba Wagiriama nao wana lugha yao nyumbani, na si vizuri kumcheka mama mtu mzima aliyekusaidia. Maji moto ni maji moto. Akakimbilia jikoni.

Alichemsha sufuria kubwa, ile ya sikukuu, akaumwagia mnazi shinani, mvuke ukapanda mpaka kwenye makuti, naye akaruka pembeni akicheka peke yake. Kesho yake akachemsha tena. Ikawa ndiyo kazi ya kila jioni akitoka hotelini: kabla ya chai, kabla ya ugali, mnazi kwanza. Laban, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache na chai nyingi, aliuliza ikiwa mnazi unakunywa na maziwa au kavu. Aliambiwa asubiri. Akasubiri, akinusa makaa yakiisha.

Ng'ambo ya ua, Kadii aliyaona yote hayo. Alimwona jirani yake akitoka na sufuria inayofoka, akiuzunguka mnazi, akimwaga, akiongea na mti kwa lugha ya kwao. Kadii aliona kwamba hiyo ni mila ya watu wa bara, labda ya kumpa mti pole, na mtu mwenye adabu haulizi juu ya mila ya nyumba nyingine. Alingoja tu jirani amalize tambiko lake, ndipo aende akatafute majimoto kama alivyoagizwa. Nao wakaendelea hivyo, kila mmoja akimheshimu mwenziwe kupita kiasi, na vidaka vikaanguka kwenye mchanga uliochemka.

Mvua za mwaka zilikuwa zimepamba moto Kadii alipochoka kungoja. Alikuja uani mwa Jedida, akajikinga kwa ungo kichwani, akauinamia mnazi, kisha akatazama juu, akazunguka akatazama tena.

"Majimoto wako wapi?"

"Hapo unaposimama, mama. Jana nimemwaga sufuria nzima."

"Umewamwaga?"

"Kila siku namwaga."

Kadii akatazama tena juu. "Sasa hawapandi juu?"

"Yatapandaje juu?" Jedida akauliza kwa subira ya mwalimu. "Maji yanashuka chini, mama. Nipande na sufuria?"

Kadii alimtazama Jedida, akatazama ardhi iliyobabuka kuzunguka shina, akatazama mlango wa jiko ambako sufuria ya sikukuu ilikuwa imeinamishwa. Ungo ukamtoka kichwani. Alikaa chini kwenye matope, mama mtu mzima, akacheka mpaka Laban akatoka nje na nyundo mkononi akidhani kuna aliyeumia. Alipoweza kusema tena, alieleza kwa urefu ambao hakuwahi kuufikia maishani mwake. Majimoto ni wadudu. Ni wale chungu wekundu wanaoshona majani ya mti kwa uzi mweupe na kukaa ndani yake kama kwenye mfuko. Wakikuuma unajua kwa nini wakaitwa hivyo. Mnazi wenye majimoto, hakuna kitu kinachokigusa kidaka chake kikabaki na miguu yote.

"Na mimi nimewapikia," Jedida akasema taratibu.

"Umewapikia na hawakuwepo."

Mtu mwingine angeona haya. Jedida alishikwa na furaha kubwa kiasi kwamba alimkumbatia Kadii pamoja na matope yake. Kwa hesabu yake mambo yalikuwa mazuri kuliko alivyofikiri: dawa haikuwa imeshindwa, ila haikuwa imejaribiwa. Usiku ule Laban alikunywa chai ya kwanza katika nyumba yake tangu tangazo lisomwe.

Kadii, sasa akiwa ameona hatari ya kueleza nusu, aliamua kufanya kazi yote mwenyewe. Alikwenda Magarini akarudi na magunia mawili yaliyofungwa kamba, ndani yake mkifoka kama mafuta kikaangoni. Kiota kimoja kilitoka kwenye mnazi wake, kingine kwenye mwembe wa ndugu yake, kwa kuwa alitaka Jedida apate wa kutosha. Walijipaka mikono jivu, wakavitundika viota vyote viwili kwenye makuti ya kitamli, wakasogea nyuma kutazama. Jedida alikuwa amemwomba msimamizi wa dobi ruhusa ya kufiwa, akijitetea moyoni kwamba ni vidaka vilivyokufa.

Majimoto wa Magarini walitoka kwenye viota vyao, wakakutana katikati ya kuti, wakagusana pembe. Halafu vita vikaanza. Kadii, pamoja na kulelewa kwake kote katikati ya minazi, hakuwa amewahi kuwaleta wageni wawili katika nyumba moja. Huko kwao majimoto hujitafutia wenyewe. Kumbe majimoto wa mti huu hawamjui majimoto wa mti ule, na hawataki kumjua. Walikamatana miguu, wakavutana, wakakatana viuno, na kufikia adhuhuri chini ya mnazi palikuwa pekundu kama pamemwagwa unga wa pilipili. Walionusurika walishuka shina kutafuta mahali pengine pa kuishi, na chini wakakutana na mvua.

"Hao wa ndugu yangu ni wakorofi," Kadii akasema. "Kama yeye."

Hilo ndilo lililokuwa karibu zaidi na kukiri kosa, na Jedida alilipokea hivyo. Lakini muda ulikuwa umebana. Kadii alieleza kwamba kidaka kisiposhika kabla ya kipupwe kwisha, mwisho wa mwaka hakitakuwa kimefika popote pa kuonyeshwa mtu mwenye shoka. Na barabara ya Magarini ilikuwa imegeuka tope; magari yalikuwa yakirudi njiani. Walihitaji kiota cha mti mmoja, kiota kikubwa, nacho kiwe karibu. Wakakaa kwenye mkeka wakiitaja minazi yote ya Kisumu Ndogo, wakaikataa mmoja baada ya mwingine, mpaka Laban, aliyekuwa akinoa msumeno bila kuonekana kusikiliza, akauliza yule ofisa alipokuwa akihutubia alikuwa akijipiga nini shingoni.

Jedida alisimama kabla ya sentensi kwisha.

Walikwenda alfajiri, majimoto wakiwa bado wazito kwa baridi: Kadii na gunia na panga, Jedida na kopo la jivu, Laban na ngazi yake ya useremala. Jedida alikuwa akitembea mbele na kurudi nyuma kuwahimiza, akitembea hivyo safari moja mara mbili. Bango lilikuwa mahali pake, na juu yake, na chini yake, na kwa kweli pande zake zote, makuti yalikuwa yameshonwa viota vya kijani, vingine vikubwa kama kichwa cha mtu. Walikuwa wameegemeza ngazi tu Bwana Mwambire alipotokea na funguo za ofisi.

Aliuliza wanafanya nini kwenye mali ya serikali.

"Tumekuja kuondoa wadudu, Bwana Mwambire," Kadii akasema. "Agizo ni agizo."

Bwana Mwambire alitazama bango, akatazama viota, na hisia fulani ikampita usoni. Alikuwa ofisini siku zote, chini ya wadudu wale, na hakuna mwananchi aliyewahi kujitolea. Alisema kwamba wananchi wa namna hii ndio taifa linaowahitaji. Akashika ngazi. Kadii alikata viota vinne kutoka kuti moja, familia moja, akavitia guniani, akashuka akipigapiga mabega. Bwana Mwambire aliuliza kwa nini hawamalizi vyote. Aliambiwa kwamba gunia limejaa, na kwamba watarudi, jambo ambalo lilikuwa kweli nusu yake ya kwanza.

Safari hii hakukuwa na vita. Majimoto wa ofisini walitoka guniani, wakaukagua mnazi wa kitamli kuti kwa kuti kama kamati, na kabla ya jua kuzama walikuwa wameanza kushona. Jedida alisimama chini mpaka shingo ikamwuma. Aliona mstari wao ukivuta ncha mbili za kuti zikutane, wakishikana viuno kufanya daraja, na mmoja akipitisha mtoto mweupe huku na huku mtoto akitoa uzi. Alimwita Laban. Laban akatazama, na kwa mara ya kwanza hakusema kwamba amekwisha kuona. Alisema kwamba huo ni ufundi.

Karara lililofuata likapasuka. Vidaka vikatoka vinang'aa. Jedida akawa hali vizuri. Kila akisikia kitu kikidondoka nje, hata embe la jirani, alikuwa mlangoni. Beseni likangoja. Kilianguka kidaka kimoja, vikaanguka viwili, kama vinavyoanguka katika mnazi wowote wenye akili timamu, na vingine vikabaki. Vikabaki wiki hiyo na wiki iliyofuata. Vikaanza kunenepa. Jedida aliacha kutembea, akawa anakimbia kabisa.

Mwezi wa nane alipita Joram, bwana shamba wa eneo lile, kijana wa Kaloleni aliyesoma kilimo chuoni na kufaulu. Alipelekwa uani na mwenye ua akimvuta mkono wa shati. Joram alitazama juu, akaona mstari mwekundu ukienda na kurudi, akatazama nyuma yake kama kuna mtu, kisha akafunga mlango wa ua. Alijua yote. Alimweleza Jedida kwa sauti ya chini kwamba kinachouangushia mnazi vidaka ni mdudu wa kahawia anayefanana na kunguni, anayetoboa kidaka na kunyonya, na kwamba majimoto humla, na kwamba jambo hilo limeandikwa vitabuni zamani. Jedida akauliza kwa nini basi hakulisema siku ya tangazo. Joram akasema kwamba siku ya tangazo alikuwa ameketi nyuma ya ofisa, na kutoka pale mtu haoni mnazi vizuri.

Kisha aliinama shinani, akakwaruza mchanga kwa kijiti, akashangaa. Aliuliza wako wapi sisimizi wadogo wa kahawia, wale wanaokaa chini ya kila mnazi wa mtaa ule na kuwafukuza majimoto wasikae. Jedida alimwambia kwamba hapo chini hakuna kilichokaa tangu mwezi wa tano. Akaeleza habari ya sufuria.

Joram alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Hilo halikuwa kitabuni," akasema.

Ng'ambo ya ua kulisikika mtu akikohoa. Jedida hakumtazama Kadii siku hiyo, wala kesho yake. Alimpa nafasi ya kuzoea kwamba sufuria nayo ilisaidia.

Siku ya ukaguzi ilifika na jua lake la Desemba. Ofisa wa tarafa alikuja na Bwana Mwambire, na Joram, na mtu mmoja wa bomba la dawa mgongoni, na mtu mwingine wa shoka. Walikuwa wamepita nyumba kadhaa, na mtu wa shoka alikuwa na majimaji ya mpapai kwenye suruali. Jedida alikuwa ameweka kiti bora kuliko vyote alivyowahi kutengeneza Laban, barazani, mbali na mnazi kwa adabu zote. Mkungu mmoja ulikuwa umeshika vitale, vikubwa kama ngumi mbili, na mkungu mwingine nyuma yake. Mtu wa shoka aliutazama mti kwa mazoea.

Swali la kwanza lilikuwa la kisheria. Ofisa alitaka kujua kama hizo ni nazi. Bwana Mwambire, kwa uzito wa mtu aliyepata hatimaye swali la kwao, alifafanua kwamba kuna kidaka, kisha kitale, kisha dafu, kisha koroma, ndipo nazi; na kwamba hivi ni vitale. Ofisa aliuliza kama kitale ni zao. Ikabishaniwa. Joram akakumbusha kwamba agizo lilisema mti uzae, halikusema uivishe. Ofisa, ambaye ndiye aliyeliandika agizo, alikubali kwamba liliandikwa vizuri. Mtu wa shoka akakaa chini.

Jedida alikuwa amekwisha kuvuta pumzi ya furaha ofisa aliposema kwamba sasa, kwa upande wa wadudu, bustani zote zitapigwa dawa, hata zilizofaulu. Mtu wa bomba akaanza kupampu. Akapiga hatua kuelekea kwenye mnazi, na Jedida akaona vidaka vyote vya mwaka ujao vikianguka.

"Mheshimiwa, huo tayari una dawa," akasema.

Mtu wa bomba akasimama. Ofisa akauliza ni dawa gani.

"Majimoto."

Ofisa alikuwa mzaliwa wa bara. Alirudia neno hilo polepole. "Maji moto tu?"

"Majimoto tu, Mheshimiwa. Wametosha."

Juu ya ua Kadii alipata kitu cha kutazama angani. Bwana Mwambire aliutazama mnazi, akaona viota, akavitambua, akamtazama Jedida, akaitazama ngazi ya Laban iliyoegemezwa ukutani. Ikaonekana wazi kwamba anajumlisha. Kisha akaamua kubaki naibu chifu. Ofisa, ambaye naye hakuwa mtu wa kugombana na ngeli, alimgeukia Joram na kumtaka aseme jambo hilo kitaalamu limekaaje.

"Kitaalamu, Mheshimiwa," Joram akasema, akiyatazama maneno yake yakitoka, "kwa mnazi hakuna kinachoshinda majimoto."

Uso wa ofisa ukafunguka. Dawa isiyo na sumu, akasema, isiyotoka ng'ambo, iliyo ndani ya uwezo wa kila jiko. Aliinuka akataka kwenda kuushika mnazi huo kwa mkono wake, na hapo Jedida alifika mbele yake kwa kasi ambayo hakuna aliyemwona akiianza.

"Usiuguse, Mheshimiwa. Bado kuna majimoto."

Ofisa alirudisha mkono na kumshukuru. Bomba likavuliwa mgongoni. Shoka likarudishwa kwenye gari. Gari lilipopinda kona, Jedida alipiga kigelegele kimoja kirefu, cha Vihiga, ambacho Kadii alikipokea ng'ambo ya ua na kukimalizia kwa mtindo wa Magarini.

Baadaye kidogo ilitangazwa rasmi kwamba maji moto ni dawa. Waliokuwa na jirani wa kuuliza waliuliza. Waliokosa, sukuma wiki zao ziliiva kabla ya kuchumwa.

Dafu la kwanza lilikatwa mwanzo wa mwaka mpya. Jedida alilikata mwenyewe, amesimama chini, akaumwa mara nyingi na hakujali, akampa Kadii anywe kwanza. Kadii alikunywa mpaka nusu, akafuta mdomo, akautazama mnazi. "Kumbe Kiluhya unasikia," akasema. Tangu mwezi huo watu wengi walibisha hodi kwa Jedida, wa bara na wa pwani, na walichouliza ni kama mwenye mnazi yupo, na kama anaweza kuwakatia kiota kimoja. Kwao anarudi lini hawakuuliza.

Bango jipya, MAJI MOTO NI DAWA, liligongomewa kwenye mlango wa ofisi ya naibu chifu. La zamani liliamriwa liondolewe. Tarishi alipandishwa ngazi mara ya kwanza, akashuka. Akapandishwa mara ya pili, akashuka upesi zaidi. MDUDU HANA RAFIKI bado liko palepale juu. Mnazi ule una majimoto.